Homa Isiyokuwa Kwenye Ratiba

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, mwalimu wa udereva alimwambia mwanafunzi wake asimamishe gari kando ya barabara. Alifungua mlango, akatapika, akafuta mdomo kwa leso, akafunga mlango, kisha akasema, "Umesimama bila kuwasha indiketa." Mwanafunzi, karani wa mahakama aliyekwisha kufeli mtihani wa barabarani mara tatu, aliomba radhi kwa breki zake. Hakuwa na kosa, maskini. Kichefuchefu kile hakikutokana na breki, wala hakikuwa cha mwalimu. Kilikuwa cha binti yake wa miaka minane, ambaye saa ileile alikuwa nyumbani kwenye kochi, anakula kipande cha tatu cha mkate na kumweleza bibi yake kwa nini samaki hawapigi chafya.

Binti huyo walimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakupata kunyamaza. Hata usingizini alikuwa akibishana. Alikuwa na saratani ya damu, na Ijumaa zilizopangwa alitundikiwa dripu hospitalini, mara dawa nyeupe kama maji, mara dawa nyekundu kama sharubati. Dawa zilifanya kazi yake. Daktari alisema hivyo na karatasi za vipimo zilisema hivyo. Tatizo ni kwamba dawa hizo, kama wageni wengine, hazikuja peke yao. Zilikuja na ndugu zao, na hao ndugu ndio waliokuwa wakibaki kulala nyumbani.

Mambo yalianza Jumamosi moja mchana. Chiriku alikuwa ametapika mara tisa na baba yake alikuwa ameshika beseni. Baba akasema maneno ambayo baba yeyote angesema, "Laiti ningeweza kukubebea. Nipe mimi, mwanangu." Chiriku akainua uso kutoka kwenye beseni. "Haya, chukua," akasema. Baba akasimama, akaelekea msalani kwa haraka, na hakuonekana tena mpaka alasiri. Chiriku aliuliza kama kuna chakula.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga hawakuwahi kubeba kichefuchefu cha dawa nyekundu.

Mama yake Chiriku alikuwa na kibanda cha fotokopi kando ya ofisi za ardhi, na kazi ile ilikuwa imemfundisha kwamba jambo lisiloandikwa huishia kwenye ugomvi. Alichapa ratiba yenye safu tatu, siku, tatizo na mbebaji, akaivika plastiki kwenye mashine yake na kuibandika kwenye mlango wa jikoni. Kutapika kukawa kwa baba. Vidonda vya mdomoni vikaenda kwa shangazi, mwalimu wa hesabu, ambaye kwa wiki tatu hakuweza kufungua kinywa. Akafundisha kwa kuandika ubaoni tu, na darasa lake likaongoza shule nzima. Mkuu wa shule alimwuliza kwa adabu kama hawezi kuendelea hivyohivyo. Kunyonyoka nywele kulipewa mjomba, mlinzi wa geti la kiwanda cha magodoro. Hilo halikupangwa vizuri. Mjomba alikuwa na upara tangu ujana wake, hivyo upara mpya ulifika, ukakuta nyumba ina mwenyewe, ukashuka kuchukua nyusi na kope. Tangu siku hiyo watu pale getini walimsalimia kwa heshima zaidi, maana hakuna aliyeweza kujua kama amekasirika.

Mama mwenyewe alichukua vidonge. Vilikuwa vidonge vyeupe, vidogo, vya siku tano kila mwezi, na vilimfanya anayevibeba ale kama kiwavi, agombane na milango na asitulie mahali. Chiriku alivimeza, mama akahangaika. Alikuwa akifika kibandani anatembea, anatoa kopi anatembea, anarudi nyumbani anatembea, anazunguka meza wakati wenzake wanakula. Siku tano zikiisha, miguu yake ilikuwa haina habari kwamba zimeisha.

Kutoa kulikuwa rahisi, hata kwa kuitikia kwa kichwa. Kurudisha ndiko kulikokuwa na masharti, maana mwenye mali alitakiwa kuomba chake kwa mdomo wake mwenyewe. Baba aliligundua hilo siku wakaguzi walipokuja kwenye shule ya udereva. Alimwomba Chiriku apokee kichefuchefu kwa saa mbili tu. "Sitaki," alisema Chiriku, na mambo yakaishia hapo. Baba aliwatapikia wakaguzi, shule ikapata cheti.

Aliyebaki bila mzigo ni bibi, mama yake baba. Alikuwa na miaka sabini na mmoja na walimwonea huruma. Yeye hakuitaka.

"Nimesimama mbele ya tanuri la mkate miaka thelathini na minne," alisema, akigonga ratiba kwa kidole. "Leo mnaniacha nje ya orodha kama mwiko uliovunjika?"

"Mama, wewe utuombee tu," alisema mkwewe, akipita kuelekea dirishani.

"Kuomba naomba hata bila plastiki."

Kwa hiyo ikawa kwamba Chiriku alifika kliniki ana mashavu, ana nywele zimesukwa mistari, anamwuliza daktari kwa nini koti lake lina mifuko mitatu na kalamu moja. Daktari aliandika kwenye faili, *Anavumilia vizuri mno*, akapiga mstari chini ya *mno*. Kisha akafuta vidonge vya kuzuia kutapika. "Mtoto hatapiki, vya nini? Tuwape wanaotapika." Baba alikuwa nyuma yake ameinamia mfuko. Sista wa dirishani, mama mnene mwenye saa iliyobanwa kifuani, alimsogezea bakuli bila kuinua macho. Alikuwa na rundo la mabakuli kwa ajili ya akina baba.

Jambo moja hospitali ilikuwa imelisisitiza tangu siku ya kwanza. Dawa hizi, walisema, zinaua ugonjwa lakini zinaua na askari wa mwili. Baada ya dripu kuna siku ambazo mwili unabaki kama nyumba isiyo na mlango, na yeyote apitaye anaweza kuingia. Dalili ni homa. Kipimajoto kikifika thelathini na nane, acheni kila kitu, msioge, msinywe chai, mje ndani ya saa moja. Mama alipima asubuhi, adhuhuri na jioni. Aliandika kila namba kwenye daftari. Siku zote kilisoma thelathini na sita na nusu, au pungufu kidogo.

Jumamosi moja, siku ya nane baada ya dawa nyekundu, Chiriku aliamka na hakusema kitu.

Alikaa kwenye kochi, kikombe cha chai mkononi. Baba alimsalimia, hakujibu. Mjomba, aliyekuwa amepita kutoka zamu, alimtania kwamba leo redio imeisha betri. Hakugeuka. Mama aliweka kipimajoto kwapani. Thelathini na sita nukta nne. Alikikung'uta, akaweka tena. Thelathini na sita nukta nne. Akazunguka meza mara mbili. Nyayo za mtoto zilikuwa baridi kama sakafu, midomo imepauka, na alikuwa akivuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi, na ngazi hakupanda.

"Twendeni hospitali," alisema mama.

"Mama Chiriku, kaa chini kwanza," alisema baba. "Kipimo kinasema mzima."

"Kipimo hakikumzaa."

"Jana tu umemaliza siku za vidonge. Ni vidonge vinavyokuhangaisha, si wewe."

"Dada, hata jana ulitaka kuhamisha kabati," alisaidia mjomba.

Kabati kweli alitaka kulihamisha. Ni vigumu kuaminiwa na watu ambao wamekuona ukibishana na mlango. Yeye mwenyewe alianza kujitilia shaka. Alizunguka meza tena, akaingia jikoni kunywa maji, akamkuta bibi anakanda unga.

Bibi alikuwa amevua kilemba. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni na alikuwa akiimba polepole, uso umenawiri. Alichukua donge la unga, akaliviringisha kati ya viganja, akalishikilia kidogo, kisha akaliweka kwenye sinia. Lilikuwa mkate. Lilikuwa na rangi ya dhahabu juu na lilitoa mvuke. Kwenye sinia kulikuwa na mikate mingine kumi na mmoja.

Mama alitazama jiko. Alitazama mtungi.

"Mama, gesi iliisha juzi."

"Najua."

"Mikate umeokea nini?"

Bibi alitazama viganja vyake, akavificha chini ya kitambaa kama mtoto aliyeshikwa na sukari.

Mama alimwinua mkono, akachomeka kipimajoto kwapani. Zebaki ilipanda bila kupumzika hadi thelathini na tisa nukta nne.

"Umeichukua lini?"

"Jana jioni, mlipokuwa mnasoma karatasi zenu. Nilimshika mtoto nikaona anawaka. Nikamwambia nipe, akanipa. Si kila mtu hapa ana chake?"

"Mama, homa haichukuliwi!"

"Nani kasema? Kwenye ratiba yako nimeangalia, haikuandikwa."

Ni kweli haikuandikwa. Mama alikuwa ameandika vitu vya kubeba, hakuandika kitu cha kuacha. Alieleza haraka, akiwa tayari anatafuta viatu, kwamba kichefuchefu ni mateso tu na anayeweza kukibeba akibebe, lakini homa ni kengele. Mwizi akiingia kengele inalia. Ukiibeba kengele ukaenda nayo jikoni, mwizi anabaki chumbani na mtoto.

Bibi alikaa kwenye kigoda. "Mimi nilidhani ni joto tu," alisema. "Mimi na joto tumezoeana."

Walipanda gari la shule ya udereva, lile lenye kibao cha L juu ya paa. Kwa kuwa kila dereva humwogopa mwanafunzi, wengi waliwapisha. Baba alisimama kutapika mara moja tu, na hakusahau indiketa. Mama, ambaye kwenye gari hakuwa na pa kutembea, alikanyaga breki za mwalimu zilizo upande wa abiria njia nzima, na mara mbili gari lilisimama kweli. Mjomba alibaki kulinda mikate.

Juu ya dirisha la hospitali palikuwa na karatasi: *Mgonjwa mwenye joto la 38 na kuendelea apite mbele. Wengine wasubiri namba.* Namba yao ilikuwa arobaini na sita. Iliyokuwa ikihudumiwa ilikuwa kumi na mbili.

Sista alimwekea Chiriku kipimajoto bila kumtazama, akakitazama kipimajoto. "Thelathini na sita nukta tatu. Kaeni benchi."

"Homa anayo bibi yake," alisema mama.

Sista alimtazama bibi, aliyekuwa akipepewa na mlango. Hakushangaa. Aliuliza, "Bibi ana kadi?"

"Hana. Homa ni ya mtoto."

"Basi ije na mtoto."

"Sista, mtazame mwenyewe. Huyu haongei. Huyu! Tangu asubuhi hajasema neno moja."

"Mama, humu ndani wanaoongea ndio wanaotuchosha." Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha aligeuza fomu na kumwonyesha. "Hii hapa. Joto. Uzito. Namba ya kadi. Nionyeshe mahali pa kuandika *haongei*."

Mama alitafuta. Hapakuwa na mahali. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini huo nao haukuwa na kisanduku chake.

Basi hapakuwa na njia ila kurudisha. Bibi aliposikia, alijikunja kwenye benchi kama anayeficha kitu.

"Nimpe mtoto moto? Kwa mkono wangu? Bora nikae nao hapahapa nigeuke mkaa."

"Mama," alisema mama Chiriku, na kwa mara ya kwanza siku ile alisimama pasipo kutikisa mguu. "Ukiendelea kukaa nao utamzika."

Baba akatazama viatu vyake. Bibi alikuwa mtu aliyezoea kusema la mwisho, na hilo lilikuwa la mwisho na halikuwa lake. Alimchukua mtoto mapajani, akaweka viganja vyake kwenye mashavu yale baridi. "Chukua chako, mjukuu wangu."

Chiriku alimtazama. Midomo haikusogea.

"Sema nipe," alisema baba. "Neno moja tu, mwanangu. Nipe."

Namba kumi na tatu iliitwa. Namba kumi na nne iliitwa. Macho ya Chiriku yalianza kuteleza kuelekea ukutani, na pumzi zake zilikuwa fupifupi. Mama alitembea hadi mwisho wa korido, akarudi. Alijua jambo moja kuhusu mwanawe ambalo halikuwa kwenye faili. Chiriku aliweza kuvumilia sindano, lakini hakuweza kuvumilia hadithi iliyokosewa. Akachuchumaa mbele yake na kuanza kusimulia, kwa sauti ya kawaida, habari za siku mjomba alipoanza kazi ya ulinzi, alivyosinzia kwenye kiti na mwizi akaja akamwibia kofia.

Macho ya Chiriku yalibaki ukutani.

"Akaivaa ile kofia," mama aliendelea, "akaondoka zake, mjomba akaamka asubuhi na kofia hana."

"Viatu," alisema Chiriku. Sauti ilikuwa kama karatasi inayopita kwenye mashine.

"Nini?"

"Aliiba viatu. Kofia alimwachia."

"Ahaa, viatu. Nimekosea. Mwanangu, sema nipe."

Chiriku alifikiri. Aligusa kiganja cha bibi yake, akaondoa kidole haraka.

"Bibi, unaungua?"

Bibi alifungua kinywa kusema uongo, mkwewe akamtazama. "Kidogo," alisema.

"Basi nipe. Utaungua."

Bibi alipoa kama sufuria iliyoshushwa. Mama alikuwa ameshafika dirishani na mtoto mikononi. Sista aliweka kipimajoto, akakitazama, na hapo kila kitu kilichokuwa kimelala hospitalini kiliamka. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani, kitanda cha magurudumu kikaja chenyewe bila kuitwa, na baada ya dakika saba dawa ya mshipani ilikuwa ikidondoka. Daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu, aliwatazama wazazi kwa lawama.

"Kwa nini mmechelewa kumleta?" aliuliza.

Chiriku alilazwa siku kumi na moja. Siku tatu za mwanzo hali ilikuwa ya kushikilia pumzi, na mama aliitembea korido ile mpaka msafishaji akamwomba atembee upande wa kushoto kidogo, upande wa kulia umeanza kuchakaa. Siku ya nne mtoto alimwuliza muuguzi kama damu ina usiku na mchana. Siku ya sita mama wa kitanda cha jirani aliomba ahamishwe.

Hospitali haikulipuuza jambo lile. Wiki iliyofuata tarishi alikuja kwenye kibanda cha fotokopi na karatasi iliyopigwa muhuri, anataka kopi ishirini. Ilisema: *Homa ya ndugu haipokelewi dirishani.* Mama aliisoma mara mbili, akizunguka mashine.

"Tunaweza kuongeza mstari?" aliuliza. "Mstari mmoja. *Mzazi akisema mtoto hayuko sawa, asikilizwe.*"

"Mama, mimi nimetumwa kopi," alisema tarishi. "Kuongeza hawakunituma."

Alitoa kopi ishirini. Zilitoka safi sana.

Ijumaa iliyofuata walienda kwenye dripu kama kawaida. Baba alipokea bakuli lake. Karatasi mpya ilikuwa imebandikwa chini ya ile ya zamani, imenyooka. Mama, ambaye miguu yake haikuwa imetulia, alikuwa akipita mbele ya mabenchi alipomwona mwanamume mmoja, fundi rangi kwa madoa ya suruali yake, ameketi na namba hamsini na moja. Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni na kufanya kidimbwi kati ya viatu. Mapajani mwake alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi kidogo, mweupe wa midomo, ametulia kama mto.

"Shemeji, hiyo homa ni yake?" aliuliza mama.

"Yake," alisema fundi rangi. "Nilimwonea huruma. Alininyooshea mkono, nikachukua."

"Mrudishie haraka. Dirishani wanataka iwe kwake."

"Najaribu tangu saa tatu, dada yangu." Alimtazama mtoto, kisha saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. "Hajaanza kusema."

Mama alienda dirishani. Sista alimwonyesha karatasi kwa ncha ya kalamu, ile ya chini, na mama alikuwa anaijua. Alirudi. Chiriku alikuwa tayari amepiga magoti sakafuni mbele ya mtoto yule, amemshika vidole viwili, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa akisema polepole.

"Ni," alisema Chiriku.

Mtoto aliitazama midomo yake.

Mama alichuchumaa upande wa pili. "Pe," alisema.

Dirishani waliita namba kumi na tisa.